Msamaha wa Sheria Ni wa Nani?



Kila Kwaresima inapokaribia, swali moja hunijia likiwa na sura nyingi. Mgonjwa wa kisukari huuliza kama anabanwa na mfungo wa Jumatano ya Majivu. Mlinzi wa usiku huuliza kama ana dhambi asipofika Misa ya Dominika, maana mwenzake wa zamu humpokea saa nne asubuhi, naye yu hoi kwa usingizi. Wa tatu hana swali. Amekwisha kujiruhusu mwenyewe siku nyingi. Wa nne naye haulizi, kwa kuwa hajui kwamba lipo jambo la kuulizia. Tafakari ya juma hili naiandika hasa kwa ajili ya huyu wa nne, na kwa ajili yetu sisi tuliokaa jirani naye bila kumwambia.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, msamaha, kwa mambo mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. Upo msamaha wa kosa: nimekukosea, nakuomba radhi, unanisamehe. Na upo msamaha wa wajibu: serikali husamehe kodi, shule husamehe ada, na katika hospitali za umma upo msamaha wa malipo kwa mama mjamzito, kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Mzee anayetibiwa bila kulipa hakumkosea mtu yeyote. Jamii imetazama hali yake na kumwambia: mzigo huu, ambao wengine wanaubeba kwa haki, wewe usiubebe.

Kanisa nalo linao msamaha wa aina hii ya pili. Kwa Kilatini huitwa dispensatio, na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa mwaka 1983 unaueleza katika kanuni ya 85: ni kulegezwa kwa sheria iliyotungwa na Kanisa lenyewe, katika jambo moja mahususi, na mtu mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Imetungwa na Kanisa lenyewe. Basi Amri Kumi za Mungu hazimo. Paroko hawezi kumsamehe mtu amri ya sita ati kwa sababu kazi inamweka mbali na nyumbani, wala Askofu hawezi kumsamehe mfanyabiashara asilipe deni. (Nimewahi kuulizwa yote mawili, na muulizaji wa pili hakuwa anatania.) Tena ni katika jambo moja mahususi, sheria yabaki palepale kwa wengine wote. Na mamlaka yenyewe yana ngazi. Askofu wa jimbo anaweza kusamehe sheria nyingi za nidhamu, lakini zipo zilizohifadhiwa kwa Kiti Kitakatifu. Useja wa padre, kwa mfano, husamehewa na Baba Mtakatifu peke yake. Sisi maparoko tumepewa kidogo. Kanuni ya 1245 inaturuhusu, kwa sababu ya haki na kwa kufuata maelekezo ya Askofu, kumwondolea mwamini wajibu wa Dominika, wa sikukuu au wa siku ya kitubio, au kuubadili uwe tendo jingine la ibada.

Sababu ya haki. Hapo ndipo penye uzito wote. Kanuni ya 90 inasema msamaha usitolewe bila sababu ya haki na ya maana, iliyopimwa kwa hali ya mtu na kwa uzito wa sheria yenyewe; ukitolewa pasipo sababu na mtu ambaye si mtunga sheria wala mkuu wake, ni batili. Yaani mhuri unaweza kuwa halisi, saini ikawa halisi, na karatasi isifae kitu. Lakini aya ya pili ya kanuni hiyohiyo ina huruma ambayo wengi hawaitarajii katika kitabu cha sheria: pakiwa na shaka kama sababu inatosha au haitoshi, msamaha hutolewa na ni halali. Shaka huhesabiwa kwa faida ya mwombaji. Ningependa kila mwenye ofisi, iwe ya Kanisa au ya serikali, aibandike aya hiyo juu ya meza yake.

Sasa, kabla ya kuwafikia wanaohitaji msamaha, tuwatoe kwanza wale ambao sheria haikuwagusa tangu mwanzo, maana miongoni mwao wapo wanaoteseka bure. Kujinyima nyama kunamfunga aliyetimiza miaka 14. Mfungo unamfunga aliyetimiza miaka 18 hadi anapoingia mwaka wake wa 60, ndiyo kusema hadi siku anapotimiza 59. Bibi wa miaka 72 anayeshinda na njaa Jumatano ya Majivu mpaka kizunguzungu kikamwangusha nje ya kanisa ana ibada njema, lakini hakufundishwa vizuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, ikieleza wajibu wa Dominika, inataja ugonjwa na ulezi wa watoto wachanga kuwa sababu nzito zinazomwondoa mtu katika wajibu huo. Basi mama aliyejifungua majuma matatu yaliyopita hana haja ya kuniletea barua. Mgonjwa wa kisukari aliye katika dawa amsikilize daktari wake, ale, na ajinyime kitu kingine. Yule mlinzi ndiye ningependa tukae tuzungumze, kwa sababu zamu yake ni ya miaka, wala si ya juma moja. Pengine Misa ya Jumamosi jioni inamfaa, nayo inatimiza wajibu wa Dominika. Isipomfaa, nitamsamehe, na kumwomba badala yake asali Rozari pamoja na wanawe jioni ile, kabla hajarudi lindoni.

Ipo kanuni moja ndogo ninayoipenda kuliko nyingi. Ni ya 919, inayohusu mfungo wa kabla ya kupokea Ekaristi. Zamani mfungo huo ulianza usiku wa manane, hata maji hayakuruhusiwa. Papa Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953, akaupunguza uwe wa muda wa saa tatu mwaka 1957, na Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja mwaka 1964. Kanuni ya leo inawaruhusu wazee na wagonjwa wapokee hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Kisha inaongeza kundi jingine: na wale wanaowatunza. Nadhani aliyeandika maneno hayo aliwahi kuuguza. Binti anayemlisha mama yake uji kijiko baada ya kijiko hana saa yake mwenyewe. Hula pale mama anaposinzia, hulala pale mama anapotulia, na padre akibisha hodi na Ekaristi ndipo kwanza ameweka kikombe mdomoni. Sheria nyingi humwona mgonjwa zikaishia kitandani. Hii imemwona na aliyesimama nyuma ya kitanda. (Padre mwenye Misa mbili au tatu kwa siku naye amesamehewa katika kanuni hiyo, anaweza kula kabla ya Misa ya pili au ya tatu. Akina mama wa vigangoni wanaoniwekea chai na viazi vitamu kati ya Misa na Misa waendelee kwa amani.)

Mwaka 2020 ulimwengu mzima ulijifunza jambo hili kwa ghafla. Ugonjwa wa korona ulipoenea, maaskofu wa majimbo mengi duniani waliwasamehe waamini wote wajibu wa Dominika, jambo ambalo vizazi vya hivi karibuni havikuwa vimeliona kwa ukubwa ule. Tarehe 27 Machi mwaka ule Papa Fransisko alisali katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Hapa Tanzania serikali haikuyafunga makanisa. Jirani zetu wa Kenya waliyafunga Machi, na walipoanza kuyafungua tena mwezi Julai ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani.

Nataka tujifunze mawili katika habari hiyo. La kwanza, msamaha una mwisho. Kanuni ya 93 inafundisha kwamba msamaha unaoendelea kutumika siku kwa siku hukoma pale sababu yake inapokoma kabisa. Sababu ilikoma, watu wengine hawakurudi. Wapo, hata katika nchi ambazo milango haikufungwa, waliozoea Misa ya redioni na ya simuni wakiwa na afya tele, na ukiwauliza husema hawajaambiwa kwamba ruhusa imekwisha. Nawaambia leo: imekwisha. La pili lina maumivu zaidi. Wazee wengi hawakuupokea msamaha ule kama faraja. Mtu aliyeketi benchi lilelile kwa miaka arobaini, ukimwambia umesamehewa usije, yeye husikia: huhitajiki. Kwa hiyo anayemsamehe mzee wajibu wa kuja anajitwika yeye wajibu wa kwenda. Jumuiya Ndogo Ndogo inayoandika jina la mgonjwa katika orodha ya wasiofika, na kwa miezi mitatu haijabisha hodi kwake, imemsahau, na kusahau si kusamehe.

Wapo wanaoutazama msamaha wa sheria kwa mashaka, wakidhani ni mlango wa wakubwa. Hawajakosea sana, maana historia yetu si safi katika hili. Mwishoni mwa karne ya 15 watu wa Ulaya ya kaskazini waliweza kupata ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima kwa kutoa sadaka ya fedha, na katika mji wa Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu huitwa Mnara wa Siagi hadi leo, kwa kuwa inasimuliwa kwamba ulijengwa kwa fedha hizo. Mwaka 1520 Martin Luther aliwashambulia viongozi wa Roma kwa jambo hilihili la siagi, na katika hilo alikuwa na hoja. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaagiza kwamba misamaha itolewe kwa sababu iliyochunguzwa, kwa uangalifu mkubwa, na bure. Neno bure limo. Hata hivyo mababa wa Mtaguso huohuo, walipozungumzia ndoa za ndugu wa karibu, binamu kwa binamu, waliandika kwamba msamaha usitolewe kamwe, isipokuwa kwa watawala wakuu na kwa sababu ya manufaa ya umma. Kwa mkulima, hapana. Kwa mfalme, tutazungumza. Sheria ya 1983 haina tena kifungu cha wafalme, nami namshukuru Mungu.

Je, sisi tumeacha kuwa na wafalme wetu? Mafundisho ya ndoa katika parokia ni ya majuma kadhaa kwa kila mchumba. Kisha hutokea simu kutoka mjini, kwamba fulani ana shughuli nyingi, basi afundishwe kwa siku moja. Watoto wa Kipaimara huhudhuria mafundisho muda wote uliopangwa. Kisha huja mzazi na mwanawe anayesoma shule ya bweni ya gharama, akitaka aingizwe mwezi wa mwisho. Wa shule ya bweni huenda ana sababu ya haki, na shule nyingi zina katekista awezaye kumfundisha na kutoa barua. Ninachokataa ni ile sauti ya simu inayodhani kwamba cheo ndicho sababu. Tena nimetambua kwamba mtu wa namna hiyo huupokea msamaha kama nishani, huusimulia. Maskini aliyesamehewa huuficha.

Injili ya Mathayo, sura ya 17, inayo habari ambayo wainjili wengine watatu hawakuiandika. Labda Mathayo aliikumbuka kwa kuwa naye alikuwa mtoza ushuru. Wakusanyaji wa kodi ya hekalu walimwendea Petro kule Kapernaumu, wakamuuliza kama mwalimu wake hulipa. Petro akajibu upesi kwamba hulipa. Alipoingia nyumbani, Yesu alimtangulia kwa swali: wafalme wa dunia huwatoza kodi watoto wao au watu wa nje? Watu wa nje, akasema Petro. Basi watoto wako huru. Hekalu ni la Baba yake; kama yupo mtu duniani aliyesamehewa kodi ile, ndiye huyu. Lakini, ili wale watu wasikwazike, alimtuma Petro ziwani atupe ndoana, na sarafu iliyopatikana kinywani mwa samaki ililipa kodi ya wawili: ya Yesu na ya Petro. Aliye huru alilipa, na akamlipia mwingine. Hakuanza kwa kutangaza hadharani kwamba yeye hastahili kutozwa.

Nawaomba viongozi wa parokia, nami nikiwemo, tuisome habari hiyo taratibu. Kwa desturi ya sehemu nyingi padre hatajwi katika orodha za michango, na viongozi wengine hujiona nao wako upande uleule, kwa kuwa wanatoa muda wao. Hakuna sheria inayotulazimisha tulipe. Mimi naona tulipe, kwa kiwango kilekile, na jina letu likae katika orodha pamoja na majina mengine, bila nyota pembeni.

Na hapa nafika kwenye michango yenyewe, jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Hata watoto wa Komunyo ya Kwanza wanajifunza hivyo katika Amri za Kanisa, na hakuna kanisa linalojengwa kwa sala tupu. Lakini mara nyingi kikao hupanga kiwango kimoja kwa kila familia, kadi zikachapwa, na katika kadi hiyo hamna mlango wowote. Tumetunga sheria ndogo iliyo ngumu kuliko sheria kubwa. Sheria ya Kanisa zima, inayofunga watu zaidi ya bilioni moja, inajua kusamehe. Kadi ya mchango wa bati haijui. Kisha mwenye kadi tupu anapofiwa, kadi inaulizwa. Anapoleta mtoto abatizwe, kadi inaulizwa. Kanuni ya 848 inaagiza wenye mahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na kanuni ya 1181, ikizungumzia mazishi, inakataza upendeleo na kuagiza maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Basi jumuiya inayokataa kwenda msibani kwa sababu ya kadi isiseme inafuata sheria za Kanisa.

Hoja ya kupinga naijua, maana huletwa katika kila kikao: tukianza kusamehe, kila mtu atajifanya maskini na kanisa halitaisha. Naijibu kwa Maandiko. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, iliwasamehe vita watu wanne: aliyejenga nyumba na hajaizindua, aliyepanda mizabibu na hajaila, aliyeposa na hajaoa, na mwoga. Sheria nzuri kwa wakati wa amani, mtasema. Lakini fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 3. Adui anakuja na askari wa miguu 40,000 na wapanda farasi 7,000. Yuda Mmakabayo, ambaye sura inayofuata inamwonyesha uwandani akiwa na watu 3,000 wasio na silaha za kutosha, anafanya nini kabla ya vita? Anawarudisha nyumbani wale watu wanne, kama Torati ilivyosema. Alihitaji kila mkono, na bado hakuona kwamba uchache wao unamruhusu kuwabana waliosamehewa. Vita ile alishinda.

Wengine huleta mfano wa mjane wa senti mbili. Kama yeye alitoa, kwa nini huyu asitoe? Wasome aya zinazotangulia. Muda mfupi kabla ya kumsifu mjane yule, katika Marko sura ya 12, Yesu aliwakaripia waandishi waliokula nyumba za wajane. Mjane yule alitoa kwa hiari, na hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na kitabu cha stakabadhi. Sadaka yake ni kubwa kwa sababu angeweza kuacha kuitoa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mfano ulio karibu zaidi na kadi zetu ni ule wa Kutolewa Bwana Hekaluni. Torati, katika Walawi sura ya 12, ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo pamoja na ndege mmoja. Lakini ikaongeza kwamba, asipoweza kumpata mwanakondoo, alete ndege wawili. Luka anatuonyesha Maria na Yosefu wakileta sadaka ya ndege wawili. Familia Takatifu ilipita katika mlango wa maskini, mchana, mbele ya watu, na Luka haandiki kwamba kuhani aliwauliza chochote. Mlango ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Hawakulazimika kusimama mbele ya kamati na kueleza kwa nini fundi seremala hana fedha.

Kwa sababu hiyo nimemwomba mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei alete jambo hili katika kikao kijacho. Pendekezo langu ni fupi. Kila kadi mpya iwe na nafasi ya kuandika kiasi ambacho familia imejipangia, au siku za kazi badala ya fedha. Mwenyekiti wa jumuiya pamoja na katekista wawe na uwezo wa kumsamehe mtu kabisa, bila kulipeleka jina lake juu. Na orodha ya wasiomaliza mchango isisomwe tena mbele ya altare. Wajanja watatupita wawili watatu. Hata kule hospitali wapo.

Nimebaki na yule wa nne, asiyeuliza. Huyu nitamchora bila jina, kwa kuwa yupo karibu katika kila kigango. Ni mama Mkatoliki anayeishi na mume Mwislamu kwa miaka ishirini, wana watoto, na wanaheshimiana. Kila Dominika hukaa benchi la nyuma. Wakati wa Komunyo huinamisha kichwa. Aliambiwa na mtu, hakumbuki nani, kwamba Kanisa haliwezi kufungisha ndoa ya namna hiyo mpaka mume abatizwe, na mume hataki kubatizwa, naye hataki kumlazimisha. Akakaa hivyo.

Mama, uliyeambiwa hivyo umedanganywa. Ni kweli kwamba tofauti ya dini kati ya Mkatoliki na asiyebatizwa ni kizuizi cha ndoa. Ndivyo isemavyo kanuni ya 1086, na bila msamaha ndoa hiyo si halali mbele ya Kanisa. Lakini kanuni hiyohiyo inasema kizuizi hicho husamehewa, na mwenye uwezo huo ni Askofu wako, wala hatuhitaji kuandika Roma. (Mwenzi akiwa amebatizwa katika Ukristo usio wa Kikatoliki, kama vile Mlutheri, kinachotakiwa ni ruhusa tu ya Askofu.) Masharti yako katika kanuni ya 1125. Wewe utatamka kwamba uko tayari kujilinda usiiache imani yako, na utaahidi kwa moyo mweupe kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Angalia maneno hayo: yaliyo katika uwezo wako. Mumeo hatakiwi kuahidi hivyo, wala kubatizwa. Anatakiwa ajulishwe ahadi yako, na ninyi wawili mfundishwe maana ya ndoa, yaani mume mmoja na mke mmoja hadi kufa. Ibada inaweza kufanyika kanisani au mahali pengine panapofaa.

Sitasema kwamba kila ndoa inaweza kunyoshwa hivyo. Kama mumeo ana mke mwingine, au mmoja wenu anafungwa na ndoa ya awali iliyo halali, hapo tumefika kwenye sheria ya Mungu, na Askofu hana la kulegeza. Tutakaa tulitazame jambo lako kwa njia nyingine. Tena ahadi ile ya watoto si maneno ya kujaza fomu. Nimeona familia ambamo amani ilivunjika baadaye kwa sababu mmoja aliahidi huku akijua hatajaribu. Ndiyo maana mafundisho hayaharakishwi, hata kwa mtu wa simu kutoka mjini.

Lakini wako wengi ambao hawana kizuizi kingine ila hicho kimoja, na wamekaa miaka ishirini bila kupokea Ekaristi kwa kukosa barua moja ya Askofu. Ofisi ya parokia iko wazi. Kwa msamaha huo hakuna ada. Njoo na cheti chako cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia uliyobatizwa, na majina ya mashahidi wawili wanaowafahamu. Mwombe mumeo mje pamoja. Na kama siku ya kwanza hatapenda kuingia ndani, lipo benchi chini ya mwembe, nami nitatoka tuzungumze hapo.